Nani anakula mrehani? Kumjua mdudu kwa dalili anayoiacha kwenye bustani ya viungo

Bustani ya viungo ya mjini, iwe matuta mawili nyuma ya nyumba kule Tabata au ndoo zilizopangwa kwenye baraza ya ghorofa Upanga, haikosi wadudu mwezi wowote. Dar es Salaam haina baridi ya kuwapumzisha. Kipupwe cha Juni hadi Agosti kinawapunguza kasi tu. Hata hivyo wengi wa wadudu hao hawali jani lako hata moja. Wapo wanaofuata maua, wapo wanaowinda wenzao, na wapo wapita njia.

Kinachoharibu bustani nyingi ni kupuliza dawa kabla ya kujua nani yuko juu ya mche. Kidukari, mdudu mdogo laini anayefyonza utomvu, akiwa jike huzaa bila dume, na katika joto la hapa mtoto wake naye anaanza kuzaa baada ya siku saba hadi kumi. Mdudu-kibibi anayemla huchukua karibu wiki tatu kutoka yai hadi kuruka. Ukiwaua wote wawili leo, atakayerudi kwanza ni kidukari, na safari hii hana wa kumzuia. Ndiyo maana mtu anapuliza kila Jumamosi, na kila Jumamosi wadudu wapo. Tena majani haya yanaliwa, mengi yakiwa mabichi: giligilani inakatiwa juu ya kachumbari, nanaa inazama kwenye glasi ya juisi. Ulichopuliza jana unakila leo.

Vifaa vya uchunguzi ni vichache: lensi ya mkono ya kukuza mara 10, karatasi nyeupe, tochi ya simu na chupa yenye mfuniko ya kumhifadhi mdudu usiyemjua. Saa nayo ina maana. Wafuata maua wanaonekana kuanzia saa 1 hadi saa 4 asubuhi. Wafyonzaji wako chini ya jani saa zote. Wakata miche, konokono na nyenje wanataka tochi, kuanzia saa 2 usiku. Anayekagua bustani adhuhuri tu atamlaumu mdudu aliyemkuta, na mara nyingi aliyekutwa mchana siye aliyekula usiku.

Majani ya juu yamejikunja, yananata, na sisimizi wanapanda na kushuka

Hawa ni vidukari, ambao wakulima wengi huwaita wadudu mafuta. Wana milimita 1 hadi 3, miili laini ya kijani, njano au nyeusi, na wamejazana kwenye ncha changa na chini ya majani ya juu. Kwa lensi utaona vijibomba viwili vimechomoza nyuma ya tumbo. Ukiviona hivyo, huna haja ya kubahatisha. Vipande vyeupe vilivyotapakaa kati yao ni ngozi walizojivua, si inzi weupe.

Wanafyonza utomvu na kutoa maji matamu, na maji hayo yakidondokea majani ya chini yanaota ukungu mweusi wa masizi. Masizi hayo hayali jani, yanaziba mwanga tu, na yanafutika kwa kitambaa chenye maji. Ukiyaona, inua macho: chanzo kiko jani la juu yake, au kwenye mwembe uliotandaza matawi juu ya bustani. Kama mche umelishwa mbolea ya kuku mbichi au urea kwa wingi, majani yanakuwa laini na yenye maji mengi, na vidukari wanaongezeka hata ukiwaosha kila siku. Punguza mbolea kwanza.

Kabla ya kuchukua hatua yoyote, tafuta walinzi. Hapa ndipo wengi wanapoua rafiki, kwa sababu walinzi wakiwa wachanga hawafanani kabisa na wakubwa wao.

Mdudu-kibibi mkubwa anajulikana: mbawakavu wa mviringo, mwekundu au wa rangi ya chungwa, mwenye madoa au mistari myeusi, anang'aa. Mtoto wake hang'ai wala si wa mviringo. Ni mweusi au wa kijivu mwenye madoa ya chungwa, mrefu, ana miguu sita na mgongo wenye magamba, kama mamba aliyepunguzwa hadi milimita 8. Huyu anakula vidukari wengi kuliko mama yake, na ndiye anayepondwa kwa kidole kila siku na watu wanaodhani wanaokoa mrehani. Mayai yake ni ya njano, marefu, yamesimama wima kwa kundi chini ya jani.

Mtoto wa nzi-maua, yule nzi mwenye mistari kama ya nyuki, hana miguu wala kichwa kinachoonekana. Ni laini, wa kijani au kahawia, mwembamba upande mmoja, na ana milimita 5 hadi 10. Mtazame dakika mbili: anainua ncha ya mbele, anaipeleka huku na huku, anamgusa kidukari, anamnyanyua na kumfyonza hadi ibaki ngozi. Watu wanamwita kiwavi. Kiwavi wa kweli ana kichwa kigumu na miguu, na mbele yake jani limeliwa. Mbele ya huyu jani ni zima.

Ukikuta viyai vidogo vimesimama juu ya nyuzi nyembamba za karibu sentimita 1, hivyo ni vya mdudu mwenye mbawa za kijani zenye mishipa ya wavu, anayekuja kwenye taa usiku. Mtoto wake ana taya mbili zilizopinda mbele, na baadhi yao hujibebesha mgongoni takataka na ngozi za waliowala. Takataka inayotembea juu ya jani, iache.

Halafu kuna vidukari waliovimba, duara, rangi ya dhahabu au kahawia, wagumu, wasiotikisika. Hao wamekufa. Ndani yao alikuzwa nyigu mdogo sana, asiyeweza kumuuma mtu, na tundu la duara mgongoni linaonyesha kwamba ameshatoka kwenda kutafuta wengine. Ukikuta vidukari wa namna hiyo, dawa itakupa hasara.

Chukua ncha kumi zenye vidukari, kagua moja moja. Kama nusu au zaidi zina mlinzi yeyote kati ya hao, acha siku nne au tano kisha rudia. Kama hakuna mlinzi na ncha zimeanza kujikunja, kata ncha zilizoharibika sana, osha zilizobaki kwa maji ya mpira ukielekeza kutoka chini kwenda juu, asubuhi tatu mfululizo. Kidukari aliyeangushwa chini mara nyingi hapandi tena.

Na sisimizi? Wanakuja kwa maji matamu, na kwa kuyalinda wanawafukuza walinzi wote. Mche wenye sisimizi wengi na vidukari wengi hautapona kwa kibibi hadi njia ya sisimizi ikatwe. Paka mafuta ya mgando mkanda wa sentimita 5 kuzunguka ndoo au miguu ya meza, na upake upya kila wiki kwa sababu vumbi linaufunika. Usipake kwenye shina lenyewe. Kwa jua la hapa gome linaungua. Kisha hakikisha hakuna jani linalogusa ukuta au mche wa pili, maana daraja moja linatosha.

Maji moto ni jambo jingine. Ni sisimizi wekundu wenye miguu mirefu wanaoshona majani ya mwembe, mkorosho au mdimu kwa nyuzi za watoto wao. Ni wawindaji hodari, na kwenye minazi ya pwani na Zanzibar watafiti wamewatumia kuzuia mdudu anayefyonza na kuangusha vidaka. Ila nao hufuga wadudu wa utomvu, na kuuma kwao kila mtu anakujua. Waache juu ya mti, punguza matawi yanayogusa viungo.

Kuna kitu cheupe juu ya majani

Tikisa mche. Wakiruka wadudu weupe wa milimita 1 hivi na kurudi kutua palepale, ni inzi weupe. Watoto wao ni magamba mapana ya njano hafifu yaliyobanana chini ya jani, hayatembei. Nta nyeupe iliyochorwa mizunguko chini ya majani ya mpera au mpapai ni ya aina nyingine ya inzi weupe, na kutoka huko wanashuka kwenye mrehani. Kadi za njano zilizopakwa mafuta ya kula, zikining'inizwa usawa wa ncha za miche, hukamata wakubwa na kukuonyesha kama wanaongezeka. Zisiachwe karibu na maua, kwa sababu zinanasa pia wale wa heri.

Kama hakuna aliyeruka, gusa kile cheupe kwa kijiti. Unga unaopanguka na kuacha jani halina mdudu ni ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu. Panua nafasi kati ya miche na uache kumwagilia majani jioni. Donge la nta lenye mwili laini ndani, limejibana pale jani linapokutana na shina, ni kidung'ata. Ukimbonyeza anatoa majimaji ya njano au waridi.

Sasa angalia kwa makini. Kati ya vidung'ata anaweza kuwepo mdudu mweupe mwenye nyuzi za nta ndefu zaidi, zilizochafuka, ambaye ukimchokoza anakimbia. Huyo ni mtoto wa aina fulani ya mdudu-kibibi aliyevaa nta ili apite katikati ya mawindo na sisimizi. Kidung'ata anajikokota, mlinzi anakimbia. Hiyo ndiyo tofauti ya haraka, na inafaa kuijua kabla ya kushika pamba ya spiriti.

Kwa vidung'ata wachache, changanya spiriti na maji nusu kwa nusu, lowesha kijiti chenye pamba, mguse mmoja mmoja. Jaribu jani moja kwanza na usubiri siku moja. Kwenye mchaichai wanajificha ndani ya vikonyo vya majani makavu ya chini: vua maganda makavu yote, osha shina kwa maji ya nguvu, kata majani nusu ili hewa ipite. Wengi wao huingia bustanini na mche ulionunuliwa. Mche mpya kutoka kitalu cha kando ya barabara utengwe wiki mbili, na siku ya kwanza uchomoe kwenye kifuko uangalie mizizi, maana wapo wanaokaa huko pia.

Jani lina vitone vya njano, linafifia, mwisho linakuwa na rangi ya shaba

Msimu wa malalamiko haya ni Januari na Februari, kabla masika hayajaanza, na mahali pake ni baraza lenye bati ambako mvua haifiki. Mtuhumiwa ni utitiri mwekundu. Si mdudu hasa, ana miguu minane, na ni nusu milimita. Gonga tawi juu ya karatasi nyeupe: nukta zikianza kutembea, zipitishie kidole. Zikiacha mchirizi mwekundu au wa kijani kwenye karatasi, umempata. Mashambulizi makubwa yanaonyesha utando mwembamba kati ya jani na shina. Nukta moja au mbili za rangi hafifu zinazokimbia mbio kuliko nyingine ni utitiri wawindaji, na hao wakiwepo wape nafasi.

Osha chini ya majani kwa maji kila baada ya siku mbili. Utitiri unapenda vumbi na ukavu. Kama haitoshi, tumia maji ya sabuni, mara tatu, kila baada ya siku nne au tano, kwa sababu sabuni haiui mayai na yanaanguliwa ndani ya siku chache. Usitumie kiuatilifu cha wadudu wa kawaida. Dawa nyingi za aina hiyo zinaua utitiri wawindaji na kuuacha utitiri mwekundu, na wiki mbili baadaye hali ni mbaya kuliko mwanzo.

Kuna tatizo linalofanana na hili ambalo halina mdudu kabisa. Kingo na ncha za majani ya nanaa au giligilani zinakauka kahawia, katikati ni kijani kisicho na vitone, na juu ya udongo au pembeni mwa ndoo kuna ukoko mweupe. Hiyo ni chumvi ya maji ya kisima. Sehemu nyingi za Dar maji ya visima yana chumvi, na ndoo inayonyweshwa kidogo kidogo kila siku inaikusanya. Hakikisha matundu ya chini yamefunguka, kisha pitisha maji ya mvua au ya bomba, mara mbili ya ujazo wa chombo: ndoo ya lita 10, maji lita 20, polepole, yatoke chini yote. Rudia kila mwezi kama huna maji mengine.

Majani yana matundu

Umbo la tundu linasema zaidi kuliko mdudu utakayemkuta.

Kipande cha duara au nusu duara kilichokatwa ukingoni, safi, bila mabaki wala kinyesi, ni kazi ya nyuki mkata majani. Anafunika kwa kipande hicho chumba cha mtoto wake, halafu anachavusha mbaazi na maua yako. Atakata vipande vichache na kuondoka. Hatibiwi.

Matundu yasiyo na mpangilio yenye punje nyeusi za kinyesi chini yake ni ya viwavi. Fuata kinyesi kwenda juu, utamkuta. Majani mawili yaliyobandikwa kwa utando yana kiwavi ndani, yafungue umtoe. Bustani ya vyombo ishirini inasafishwa kwa mikono ndani ya robo saa, na hakuna dawa inayoshinda hapo. Kwenye mdimu au mlimau mchanga utakuta kiwavi anayefanana na kinyesi cha ndege, baadaye anakuwa wa kijani mwenye mikanda, na akiguswa anatoa pembe za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Ni mtoto wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano. Mdimu mkubwa unamvumilia; kwenye mche wa chini ya nusu mita, wahamishie wawili watatu kwenye mdimu mkubwa.

Jani lililoliwa kutoka ukingoni kwa mapana, ghafla, kati ya Oktoba na masika, angalia panzi. Jani lililoliwa usiku pamoja na mchirizi unaong'aa asubuhi ni konokono. Konokono mkubwa wa Afrika asili yake ni pwani hii ya mashariki, na mvua za masika zinamtoa kwa wingi. Mokote usiku kwa glavu au kijiti, kwa sababu anaweza kubeba minyoo inayodhuru watu, na osha vizuri majani yaliyo karibu na ardhi kabla ya kuyala mabichi.

Jani lililokwanguliwa upande mmoja, limebaki ngozi nyembamba inayopitisha mwanga, hasa kwenye mnavu, bilinganya au matango yaliyo jirani, lina mdudu-kibibi mla majani. Ndiyo, wapo. Huyu hang'ai, ana vinyweleo vifupi na madoa mengi, na mtoto wake ni wa njano mwenye miiba yenye matawi. Kibibi anayeng'aa na jani zima ni rafiki. Kibibi aliyefifia na jani lililokwanguliwa ni mlaji.

Miche michanga imelala chini asubuhi

Fukua sentimita 2 hadi 3 kuzunguka mche ulioanguka. Kiwavi wa kijivu, mnene, aliyejikunja duara ni sota. Amekata shina usiku na kujizika palepale. Kata chupa ya maji ya plastiki vipande vya urefu wa sentimita 8, vike kila mche, vizame sentimita 3 ardhini.

Kama shina halikukatwa bali limekuwa jembamba, laini na la kahawia usawa wa udongo, ni kinyausi, ukungu unaotokana na udongo mzito na maji mengi. Giligilani iliyosiwa kwa kubanana mwezi Aprili inaangukia hapo sana. Sia sentimita 3 kati ya mbegu, changanya mchanga robo ya udongo, mwagilia asubuhi tu. Ukikuta vijishimo na vichuguu vya juujuu na mizizi imekatwa, ni chenene. Mwaga maji yenye sabuni kidogo kwenye shimo naye atatoka.

Michirizi na mabaka ya fedha

Njia nyeupe zinazopinda ndani ya jani ni za mtoto wa nzi mdogo anayechimba kati ya ngozi mbili za jani. Lishike jani kwenye mwanga: ukimwona mwishoni mwa njia, chuma jani hilo. Njia nyingi zikiwa tupu au mtoto wake amekauka, nyigu wadogo wameshafanya kazi. Mabaka ya fedha yenye nukta nyeusi, hasa kwenye vitunguu majani, ni ya thiripi, wadudu wadogo wembamba wanaofyonza. Maji ya nguvu na sabuni.

Mche unanyauka mchana ingawa udongo una maji

Chomoa mmoja. Mizizi yenye vinundu visivyobanduka ni minyoo fundo. Tupa mche na udongo wake mbali, usipande mrehani hapo msimu ujao, panda marigodi, yale maua ya bustani ya njano yenye harufu kali ambayo wengine huyaita mabangi (si bangi ya kuvuta), na yaachwe angalau miezi miwili. Mizizi myeusi inayonuka imeoza kwa maji, jambo la kawaida kwa rozimeri wakati wa masika; ihamishie chini ya paa kwenye mchanganyiko wenye nusu mchanga mkavu.

Buu kubwa jeupe, lililojikunja, kwenye ndoo yenye samadi, laweza kuwa la chonga, yule mbawakavu mwenye pembe anayetoboa minazi. Litoe. Mabuu bapa ya kahawia kwenye mboji ni ya nzi chuma, yanaozesha takataka na hayagusi mizizi hai.

Maua yapo, mbegu hazipatikani

Simama mbele ya giligilani iliyochanua saa 2 asubuhi, siku isiyo na mvua, kwa dakika kumi. Usipoona mchavushaji hata mmoja, sababu mara nyingi ni dawa, yako au ya jirani, au maua ni machache mno kuwavuta. Eneo la mita moja ya mraba lililochanua kwa pamoja linavuta kuliko miche mitano iliyotawanyika. Kwenye mirehani, acha mche mmoja kati ya minne uchanue, na weka kivumbasi pembeni. Nyuki wanakipenda sana.

Nani ni nani kwenye maua? Nyuki wa asali ana mbawa nne, papasi (vijiti viwili vya kunusia kichwani) ndefu zilizopinda, na mara nyingi vifurushi vya chavua kwenye miguu ya nyuma. Nzi-maua ana mistari ya njano na nyeusi ileile, lakini mbawa mbili tu, papasi fupi sana, macho yanayojaza kichwa, na anaweza kusimama hewani mahali pamoja. Hana mwiba. Nyuki wadogo wasiouma ni weusi, milimita 3 hadi 5. Mlango wao ni kibomba cha nta na utomvu kilichochomoza ukutani au kwenye mti. Usikizibe. Yule mkubwa mweusi mwenye mkanda wa njano au mweupe, anayetoboa boriti kavu, ndiye mchavushaji mkuu wa pesheni. Mwekee gogo kavu mbali na paa badala ya kumuua.

Nyigu ana kiuno chembamba na miguu isiyo na manyoya. Vijumba vya udongo ukutani ni vyake, na ukibomoa kilichokwisha tumika utakuta mabaki ya viwavi au buibui aliowaweka kwa ajili ya mtoto. Kiota kikiwa juu, mbali na mlango, kiache. Vunjajungu, buibui na mjusi nao wanawinda, ingawa vunjajungu hachagui: anakula na nyuki. Ukimkuta juu ya ua, mhamishie kwenye majani.

Ikibidi kupuliza

Sabuni: mililita 5 za sabuni ya maji isiyo na dawa ya kung'arisha, kwa lita 1 ya maji. Usitumie sabuni ya unga, inaunguza majani. Maji ya kisima yenye chumvi yanaua povu na nguvu yake, kwa hiyo tumia ya mvua au ya bomba. Sabuni inaua kile inachokilowesha tu, hivyo puliza chini ya jani hadi lidondoke matone, jioni, nyuki wakiwa wameondoka. Suuza asubuhi.

Mwarobaini: gramu 50 za kiini cha mbegu zilizotwangwa kwa lita 1, au gramu 200 za majani mabichi kwa lita 1, loweka usiku mzima, chuja, ongeza sabuni mililita 5, tumia siku hiyohiyo kwa sababu jua linaivunja. Usitarajie mizoga. Mdudu anaacha kula na kushindwa kujivua, na matokeo yanaonekana baada ya siku tatu hadi saba. Uchungu unabaki kwenye jani, kwa hiyo chuma unachohitaji kabla ya kupuliza.

Bt, bakteria wa viwavi wanaouzwa maduka ya pembejeo, wanawapata viwavi wadogo tu na hawadhuru nyuki, lakini mtoto wa kipepeo naye ni kiwavi. Pareto ni ya asili na bado inaua nyuki na vibibi. Isiguse mche wenye ua. Dawa ya kopo ya mbu na mende haipulizwi kwenye kitu cha kuliwa. Kiuatilifu chochote kiwe kimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, lebo itaje zao lako na siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na kiwe kwenye kifungashio chake. Kilichopimwa kwenye chupa ya soda usikinunue kwa bei yoyote.

Visahani, mbu na kundi la nyuki

Wachavushaji wanahitaji maji, na visahani vya chini ya vyungu vinaonekana kuwatosha. Lakini mbu wa homa ya dengue, iliyozuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, anazalia humohumo. Mwaga visahani kila baada ya siku tatu na visugue kwa brashi, kwa kuwa mayai yanang'ang'ania pembeni na kuvumilia ukavu kwa miezi. Nyuki wawekee sahani pana yenye kokoto zinazochomoza juu ya maji, ibadilishwe kila siku.

Kundi la nyuki likitua kwenye tawi, kwa kawaida linapumzika tu na litaondoka ndani ya saa chache hadi siku mbili tatu. Ondoa watoto na mifugo, usiwashe moto, usipulize kitu. Wakianza kuingia na kutoka kwenye tundu la ukuta au dari, wameshahamia, na hapo tafuta mfugaji nyuki mwenye mzinga na mavazi. Mweleze kwenye simu kimo cha tundu, tangu lini, na kama kuna aliyekwisha wapulizia dawa, kwa sababu masega yenye dawa hayachukuliwi kwa ajili ya asali.